Hesabu ya Kisu cha Mia Saba na Arobaini

Mteja hakunisalimu. Alisema: "Pua gani?"
Nikamjibu kama mtu anayetaja ukoo wa mwanawe:
pua ya unga, iliyopondwa ikawa vumbi,
ikashindiliwa kwa moto hata vumbi likajisahau.
Kaboni kiasi, kromi ya kuikataza kutu,
vanadi ya kuwaudhi wanoaji.
"Ugumu?" Sitini na mbili.
Akaitikia kwa kichwa, daktari aliyeridhika na mkojo wa mgonjwa.

Nje, mvua ya Thiers ilikuwa inateremka ngazi
pamoja na paka wa Bi Gilberte,
na bondeni mto Durolle unanguruma,
hauna gurudumu la kuzungusha.

Haya, nikuhesabie, bwana, maana umeuliza kwa nini ghali.
Bapa kabla halijaguswa: yuro thelathini na tisa.
Titani ya mpini, arobaini na nne;
ukiichonga inatoa cheche nyeupe mpaka macho yanauma.
Mikanda ya msasa: zamani mmoja ulimaliza mabapa thelathini,
pua hii inautafuna kwa manne tu,
sijui nani anamnoa nani.
Tanuri. Umeme. Baridi ile ya kugandisha hata pumzi.
Skrubu sita ndogo kuliko chawa,
moja ilianguka Jumanne na bado tunaitafuta.
Saa kumi na tisa za Anthelme, mume wangu,
ambazo mbili kati yake alikuwa anasikiliza tu:
anafungua, ta, anafunga, ta,
anasema ile ta ya pili ina uongo ndani yake,
anakwangua chuma kiasi cha unywele,
anafungua tena.

Jumla haifiki mia saba. Najua.
Iliyobaki ni Firmin, babu yake mama,
aliyelala kifudifudi juu ya ubao miaka thelathini na mmoja,
jiwe mbele ya uso, maji chini ya tumbo,
mbwa juu ya miguu kumtilia joto,
pua kwa pua, ya chuma na ya mtu,
akikohoa tope la kijivu kila Jumapili kanisani.
Mbwa aliitwa Kaporali.
Ujira wa Firmin hakuna anayeukumbuka.
Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
lakini visu vyake vilikuwa vizuri
na vilitembezwa, dazani kwa dazani, migongoni mwa wachuuzi,
vijiji vya milimani, kimoja kwa bei ya mkate.

Hayo sikumwambia. Nilimwambia: kodi.

Akakifungua kwa dole gumba. Ta.
Akakisogeza sikioni, akarudia.
Akanyoa vinyweleo vitatu vya mkono wa kushoto
(wote wana kipara kidogo pale,
ndivyo ninavyowatambua hata sokoni).
Nikamsukumia peari ya bustani kwa Gilberte,
imeiva, inatoka jasho.
"Jaribu."
Akanitazama kana kwamba nimemwambia
aoshe masufuria na suti ya harusi.
Asidi, alisema. Alama. Bei ya kukiuza tena.
Kitalala kwenye mfuko wa mahameli
na wenzake kumi na wanane, droo ya tatu, gizani.
Kinolewacho hupata. Kweli, hiki kinapata,
kinapata hata unywele uliosimama.
Kitapata nini kingine, sijui.

Alilipa bila kuomba kupunguziwa. Hilo nalo liliniuma kidogo.

Anthelme akatoka nyuma, msasa kwenye nyusi.
"Ameuliza nani amekitengeneza?"
Nikasema, ndiyo, ameuliza.
Nikachukua kile cha Firmin kwenye ndoana,
cheusi, kimeliwa na kinoo hadi wembamba wa jani,
kisu ambacho huwezi kukiacha na maji usiku mmoja.
Peari ikatoka na ladha ya msumari.
Anthelme alikula nusu yake amesimama,
akajifuta mikono kwenye aproni,
kisha akapiga magoti tena na tochi,
chini ya meza, kutafuta ile skrubu.